Springi za Rangi ya Jeshi

Simu ilinikuta jikoni nikichambua kunde. Sauti ya mwanamke nisiyemfahamu ikaniuliza kama mimi ndiye Esta aliyekuwa akiuza spea za magari Kampala wakati wa wanajeshi. Nilivuta kigoda nikakaa kwanza. Nina miaka sabini na mbili, na hapa Kitale watu wananijua kwa mambo mengine kabisa: umoja wa akina mama, ng'ombe wawili, na mdomo usiochoka kuuliza. Mwanamke yule akasema anaitwa Nakato, binti ya Mwalimu Lubega wa Kyambogo, na kwamba baba yake amefariki juma lile, usingizini, akiwa amebakiza mwaka mmoja kutimiza tisini. Jina langu na la kanisa letu walikuwa wameyakuta nyuma ya Biblia yake. Nikampa pole kama ipasavyo, lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Mtu akifa usingizini katika uzee huo, maana yake ni kwamba yeye na familia yake walifika. Sikuwa nimejua. Miezi michache baada ya mimi kurudi Kenya, fundi mmoja alinieleza jambo kuhusu springi za gari la Mwalimu, jambo nililopaswa kulijua mapema, na tangu siku ile niliamini kwamba kwa mikono yangu nimewapeleka watu saba kwa askari.

Nikapanda basi kesho yake. Nyumba ya msiba iko Ntinda, Kampala, nyuma ya maduka, na ilinibidi nisubiri sana kwenye msongamano wa magari kabla ya kufika getini. Uani palikuwa na hema, viti vya kukodi, na wanawake wanaomenya matoke huku wakibishana ni sufuria gani itoshe watu wangapi. Nakato alinijua kabla sijasema. Mwanamke wa hamsini na kitu, mnene kidogo, miwani juu ya kichwa. Alinikumbatia, akanishika mkono, akanipitisha sebuleni mpaka kibaraza cha nyuma. "Baba alisema ukija, kabla ya chai, uonyeshwe hiki," akasema. Palikuwa na chungu cha shubiri, na chini ya chungu, badala ya kigoda, springi ya gari imesimama wima. Ilikuwa ya kijani. Si kijani cha majani wala cha nguo, bali kile kijani kizito cha malori ya jeshi, kimebanduka hapa na pale. Nilimwomba Nakato aniachie kiti na aniache peke yangu kidogo.

Mwaka ninaoukumbuka mimi, wanajeshi walikuwa wameshika nchi kwa miaka mitano, na Wahindi walikuwa wameshaondolewa zamani. Duka nililofanyia kazi lilikuwa la mmoja wao, kisha likapewa kapteni fulani. Kapteni mwenyewe tulimwona mara mbili tu, na mara zote mbili aliondoka na tairi. Duka aliliacha mikononi mwa shemeji yake, Sajenti Rajabu, mtu wa ng'ambo ya Nile kule kaskazini magharibi, aliyevunjika mguu kwa ajali ya lori na kuondolewa kwenye kazi za barabarani. Hakujua gasket wala beringi. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilisoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye maboksi, na kwa sababu mimi na yeye tulielewana kwa Kiswahili. Wenyeji wa Kampala wengi siku zile walikisikia Kiswahili wakadhani wanakamatwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na chumba kimoja mtaa wa Wandegeya nyuma ya mama wa chapati, na udadisi ambao haukuwa na pa kwenda.

Duka lile lilikuwa chakula cha udadisi wangu. Rafu za mbao zilipanda mpaka darini, na ngazi yake ilikuwa na magurudumu. Ukutani palikuwa na mraba mweupe ambapo picha ya mungu wao ilikuwa imetundikwa, na kwenye droo ya kaunta nilikuta bilauri ya shaba na vijitabu vilivyoandikwa kwa herufi zao, mwandiko mdogo mzuri, nisiouelewa hata mstari mmoja. Vitabu vikubwa vya kiwandani, vile vyenye michoro na namba za kila kipande, vilikuwa vimebebwa juma la kwanza na watu wa Kapteni, vikauzwa kama karatasi. Najua kwa sababu niliwahi kununua karanga Wandegeya zikiwa zimefungwa kwa mchoro wa gia boksi. Nilirudi kwa yule muuzaji siku tatu mfululizo nikinunua karanga nisizozitaka, nikitafuta ukurasa wa springi. Sikuupata. Kilichobaki kunisaidia ni alama za rangi: kila springi ilikuwa na mstari mdogo wa rangi uliopakwa kiwandani, njano, nyekundu, buluu, na mwenye duka wa zamani alikuwa amezifunga mbilimbili kwa waya. Nilikuwa na daftari langu. Kila gari lililokuja nililiinamia, nikatazama mstari wake, nikaandika. Mpaka katikati ya mwaka nilikuwa karibu kuzielewa.

Ndipo Sajenti akasikia kwamba mkubwa mmoja wa jeshi atapita kukagua maduka. Mkubwa huyo hakuja kamwe, lakini habari zake zilitosha. Kambini, kama hujawahi kuishi karibu na kambi, kila kitu kisichotembea hupakwa rangi, na kila kitu chenye urefu hupangwa kwa kimo. Mimi Jumamosi na Jumapili sikuwapo, nilikuwa kwenye mkutano wa kanisa. Jumatatu asubuhi nilipofungua mlango nilisimama pale pale. Sajenti alikuwa ameleta debe la rangi kutoka karakana ya jeshi, akakata waya zote, akazipaka springi zote za duka kijani kizito cha malori, juu mpaka chini, kisha akazipanga sakafuni kwa mistari, ndefu nyuma, fupi mbele, kama gwaride. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mwisho wa mstari, rangi mpaka kwenye nyusi, anasubiri nimsifu.

"Sasa iko smati," akasema. "Mkono mbili nimepaka. Kutu hapana gusa hii mpaka watoto yako nazeeka."

Nilitaka kulia. Nililia, kwa kweli, huko nyuma kwenye stoo, nikijifanya natafuta boliti. Akanifuata akichechemea na kikombe cha chai, akaniuliza nani amekufa nyumbani. Sukari haikuwapo mjini mwaka ule. Tulikuwa na kipande kimoja cha sukari guru kwenye kopo, na desturi ilikuwa kila mtu anauma kidogo, anakunywa, anamwachia mwenzake. Siku ile aliniachia kipande chote. Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu yule, na mimi nilikuwa nimeshaapa kumchukia.

Mchana mke wake, Mama Viktoria, alileta chakula kutoka kwenye nyumba za askari: ugali mweusi wa mtama na muhogo, na mboga za majani zilizoungwa kwa simsim, ufuta wa kwao. Yeye alikuwa Mkristo na mumewe Mwislamu, na kila mmoja alimwombea mwenzake kwa sauti wakati wa kula, kwa utani. Nilijifunza mengi kwenye kaunta ile wakati wa chakula. Sajenti alikuwa akipenda kusimulia siku zake za kukaa kwenye vizuizi vya barabarani, kabla ya mguu kuvunjika, na mimi nilimuuliza kila kitu: mnatazama nini, mnajuaje, nani anapita, nani anateremshwa.

"Sura ya dereva inasema uongo," alinieleza mara moja, anajilamba simsim kwenye kidole. "Mtu nacheka, mtu nalia, hapana jua. Mimi naangalia matako ya gari. Matako hapana jua kudanganya."

Mama Viktoria akamwambia aone haya mbele ya mtoto wa watu. Lakini nilitaka kujua zaidi, naye akaeleza. Gari likilalia nyuma, lina mzigo: kahawa ya magendo, au jamaa wanahama kimyakimya. Gari likiinua mkia hali ni tupu, mwenyewe ametia springi ngumu za kubebea magendo, huyo pia anateremshwa. Gari lisilo na neno hukaa sawa. Tena ukilisimamisha ghafla, linainama mara moja na kutulia; likicheza mara tatu, lina uzito ndani au shokapu zake zimekufa, na afadhali lifunguliwe. Niliandika yote hayo kwenye daftari, kwa sababu tu yalinivutia. Sikuwaza kwamba yatahitajika kwa lolote.

Mwalimu Lubega alikuja siku chache baadaye. Alikuwa akifundisha kazi za chuma chuoni Kyambogo. Shati limefungwa vifungo mpaka kooni, rula ya mbao ya kukunja mfukoni. Gari lake lilikuwa steshenweni ya Kifaransa, refu, yenye safu tatu za viti, kuukuu lakini safi, na nyuma yake ilikuwa imekaa chini kabisa kama kuku anayetaga. Shokapu zilikuwa zimevuja mafuta mpaka zimeganda vumbi.

"Nnyabo," akaniambia, yaani bibie, kwa Kiswahili chake cha Kiganda, "nataka springi mbili ya nyuma na shokapu yake. Lakini springi yenyewe nataka ya akili."

"Ya akili vipi, Mwalimu?"

"Gali ikiwa na watu, ikae kama haina mtu."

Mimi nikaona ni fumbo zuri la hesabu. Hilo ndilo lililonivutia, nasema ukweli, wala sikuona kitu kingine. Springi laini ingelala na watu. Springi ya magendo ingeinua mkia siku ambayo gari ni tupu. Katikati yake, mahali fulani, palikuwa na springi moja sahihi, na ili kuipata ilibidi nijue uzito. Sajenti alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwetu, anakunywa chai. Nami nikauliza kwa sauti, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mtakuwa watu wangapi?"

Mwalimu akaikunja rula yake, akaikunjua. Hakuwa na kitu cha kupima, na hapo tu, kwa kuchelewa, akili yangu ikafika mahali mdomo ulipokuwa umeshafika. Walimu walikuwa wakichukuliwa mwaka ule. Watu wenye miwani myeusi walikuja na gari lisilo na namba, na aliyeingia humo hakuonekana tena. Mtu huyu alikuwa anataka kuitoa familia yake nchini, kupita vizuizi vyote mpaka mpakani, na mimi nilikuwa nimemuulizia safari yake mbele ya sajenti wa jeshi.

"Ni watu wa kwaya," Mwalimu akasema. "Tunakwenda kuimba Tololo." Alimaanisha Tororo, mji wa karibu na mpaka wa Kenya.

Sajenti akashusha kikombe. "Kwaya ya watu ngapi?"

"Saba, ssebo," akamwita bwana.

"Kubwa yote?"

"Wakubwa tatu. Watoto ine."

"Watoto naimba kwaya?"

"Wanajifunza, ssebo."

Sajenti akaligeukia gari nje, akalitazama muda mrefu, kama anavyotazama ng'ombe wa kununua. "Na mzigo ya kwaya?" akauliza. "Ngoma? Godoro?"

"Ngoma moja. Godoro mbili."

"Dada Esta, andika. Kubwa tatu, ndogo ine, ngoma moja, godoro mbili." Akasimama, akajishika kiuno. "Mimi niko kilo themanini na mbili, daktari ya jeshi amepima. Nakaa juu ya springi, wewe napima."

Mwalimu alipoondoka, Sajenti hakupandisha sauti. Aliuma sukari guru, akanywa, akanisogezea kopo. "Dada, maswali yako iko mingi," akasema. "Iko siku swali moja itaua mtu, na mtu hiyo hapana wewe." Nimeyakumbuka maneno yale kila nilipofungua mdomo kuuliza jambo mbele za watu, na bado sijaacha kuuliza.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za furaha kubwa, na naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulifunga bomba wima kwenye meza ya kazi, tukavisha springi juu yake isiteleze, tukaweka ubao wenye tundu. Sajenti akapanda kwa kigoda, akakaa juu, mguu wake mbovu umenyooshwa mbele, kikombe mkononi, nami nikapima kwa utepe wa fundi cherehani springi imeshuka kiasi gani. Nyingine ilishuka inchi moja na nusu, nyingine robo tatu tu. Nilihesabu mizunguko ya kila moja, nikapima unene wa chuma chake kwa uzi. Nikajifunza kwamba chuma kinene kidogo tu hukaza sana, na kwamba springi fupi si lazima iwe ngumu. Wateja walioingia walikuta sajenti wa jeshi amekaa juu ya springi kama mfalme, wakatoka bila kununua. Nilitaka kuziosha kwa petroli angalau mbili tatu, niione ile mistari ya rangi chini, lakini alikataa kabisa. Petroli hakuna, akasema, na kazi ya mikono yake haitolewi.

Zilizofaa gari lile kwa upana zilikuwa sita. Nne zilikuwa na ugumu niliotaka. Katika hizo nne, mbili zilikuwa ndefu kuliko nyingine mbili kwa unene wa kidole. Nikawaza: zile fupi zimechoka, zimelala dukani miaka mingi. Nikachukua mbili ndefu, zilizolingana mpaka ukucha usingepita kati yao, na nilijivunia sana kule kulingana. Shokapu nazo zilitaka kunishinda. Kila niliyoivuta ilikuwa imelegea, nikazitupa pembeni moja baada ya nyingine, mpaka Mwalimu alipokuja na kunionyesha. Zilikuwa zimelala ubavu miaka minne, hewa imeingia mahali pa mafuta. Alisimamisha moja wima, akaivuta na kuisukuma mara kumi taratibu, na nikahisi mkononi mwangu jinsi ilivyozinduka, ikaanza kukataa. Nilicheka kwa sauti. Naye akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka.

"Nnyabo, hii langi," akasema, akiigeuza springi. "Ya jeshi kabisa."

"Iko chini ya gari, Mwalimu. Nani ataiona?"

Alizifunga mwenyewe kwenye karakana ya chuo, Jumamosi mchana akalirudisha gari tulitazame. Lilikuwa tupu, na nyuma yake ilikuwa imeinuka kiasi cha kidole. Sajenti akachechemea mpaka nyuma, akaegemea kona kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda mara moja, likatulia. Akaenda kona ya pili, akafanya vilevile. "Ikiingia kwaya, itashuka sawa," akasema, akarudi ndani bila kuaga. Mwalimu akaniuliza kwetu ni wapi Kenya, na kanisa gani, akaandika. Kesho yake, tulikuja kusikia, nyumba yake Kyambogo ilikuwa imefungwa, nguo zimeachwa kwenye kamba.

Jumanne walikuja wawili wenye miwani myeusi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nikabaki huko huko. Walimuuliza Sajenti kama mwalimu mmoja wa chuo amenunua kitu dukani. Sajenti alikuwa anakula. Alimaliza tonge lake kwanza. "Amenunua balbu," akasema. "Balbu ya taa ya mbele. Hata bei analia." Wakatazama rafu, wakatazama gwaride la springi za kijani, mmoja akasema duka liko safi, wakaenda. Nikashuka. Sajenti akanisukumia sahani ya mboga. Tulikula wote wawili, na mimi, niliyekuwa na maswali elfu, sikuuliza hata moja.

Kabla ya mwaka kuisha, Wakenya tulianza kutazamwa vibaya, na asubuhi moja niliacha ufunguo wa duka kwenye msumari wake nikapanda basi la Malaba, mpakani. Sikumuaga. Nilidhani ningemwandikia. Kitale nilipata kazi kwenye duka la spea, na huko vitabu vya kiwandani vilikuwapo vyote, na fundi mmoja aliyekuwa akinifundisha akafungua ukurasa wa steshenweni ile ya Kifaransa. Springi zake za nyuma, akasema, kushoto na kulia hazilingani: moja ni ndefu kidogo kwa makusudi, ndiyo maana zina alama za rangi, ndiyo maana huuzwa zikiwa zimefungwa mbilimbili. Ukiweka mbili zinazolingana, gari likipata uzito linalalia upande. Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimechagua kwa uangalifu wote, nikawapa gari lililopinda, lipite mbele ya watu wasiotazama kitu kingine ila mkao wa gari. Miaka michache baadaye serikali ile ilianguka, na watu wa kwao Sajenti wakaanza kusakwa mitaani kama walivyosakwa wengine kabla yao. Nilisikia nyumba za askari zilibaki tupu ndani ya siku moja. Wengine walisema Sajenti amevuka kwenda Sudani, wengine walisema hakufika hata mtoni.

Haya yote yalinirudia pale kibarazani Ntinda. Nilisogeza chungu, nikatoa ufunguo wa nyumba yangu, nikakwangua. Sajenti alisema kweli kuhusu mkono mbili: ilibidi nikwangue sana, na chuma chini hakikuwa na kutu hata kidogo. Mwishowe ukatokea mstari mwembamba mwekundu. Nikaupapasa kwa kidole. Ulikuwa mwekundu, basi, na kitabu ambacho siku ile kingeniambia mwekundu ni wa upande gani kilikuwa kimeshafungiwa karanga. Nilicheka peke yangu mpaka Nakato akarudi na chai.

Nikamuuliza lile ninalouliza tangu ujana: mlipitaje?

"Lilikuwa limelala upande wa jjajja," akasema. Jjajja ni bibi yao, mama wa Mwalimu. "Tulipotoka Kampala lilikuwa sawa, au tulidhani. Kila tulivyoendelea likainama. Baba alituhamisha watoto wote wanne upande wa pili, tukakaliana mapajani, bado likainama. Kizuizi cha mwisho kabla ya mpaka, askari akaliona kwa mbali. Akalizunguka. Akamwambia baba ashuke, kisha akalala chini barabarani, mchana kweupe, akachungulia."

Akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Akainuka amebadilika. Akauliza, 'Hii gari imetengenezwa na karakana ya jeshi?' Baba hakujibu. 'Iko ya mkubwa gani?' Baba hakujibu. Sisi tukajua tumekwisha. Yule askari akamtazama, akaona mtu ambaye hata kujibu hataki. Akasimama wima, mama Esta. Akampigia saluti. Baba mpaka anakufa alituambia hakunyamaza kwa akili. Ulimi ulikuwa umekauka."

Niliweka kikombe chini. Miaka karibu hamsini nilikuwa nimeijutia ile rangi, na kuililia, na kuisimulia kwa mafundi kama kichekesho cha upumbavu wa wanajeshi. Wala sitasema Sajenti aliipaka kwa kujua. Aliipaka kwa sababu mkubwa angekuja na springi zilikuwa hazijapendeza. Lakini ile kwaya aliijua. Aliipima kilo kwa kilo, akiwa amekaa juu ya springi zake.

Nakato akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa orodha ya watu wa kushukuriwa kwenye ibada ya saa kumi, na jina langu lilikuwa la kwanza: Esta, aliyetuchagulia springi. Nikamwambia nilichagua vibaya, na kwamba jina lile alifute, aandike la Sajenti Rajabu. Akanitazama. Katika familia ile, kaka wa Mwalimu alichukuliwa na wanajeshi na hakuonekana tena. Picha yake iko sebuleni, nilipita mbele yake nilipoingia. Uani wale wanawake walikuwa bado wakibishana juu ya sufuria. Nikamsimulia juu ya ubao, kilo themanini na mbili, na ile balbu. Nilipomaliza alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akachukua kalamu.

"Rajabu nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Mwaka mzima nilimuuliza yule mtu kila kitu kilichokuwa chini ya jua, isipokuwa hilo.